Ondoa Nta Kuukuu Kwanza, Ndipo Upake Mpya

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye magari, wahudumu wa matatu na bodaboda, vijana wa kuosha magari na mafundi wa rangi katika Kaunti ya Machakos



Mada ya leo yaweza kuonekana ndogo ikiwekwa kando ya barabara, maji na hospitali. Ni habari ya nta ya gari, ile ambayo wengi huiita waksi: jinsi ya kuiondoa ikishachakaa, kabla ya kupaka nyingine au kabla ya gari kupigwa rangi mpya. Lakini kaunti hii ina watu wengi wanaopata riziki kutokana na gari. Kuna mwenye matatu anayelipa mkopo wa chama cha akiba, kijana wa Mlolongo anayeosha malori alfajiri, fundi wa jua kali mjini Machakos, na mhudumu wa bodaboda wa Matuu ambaye pikipiki ndiyo shamba lake. Kwa watu hawa rangi ya gari ni mali. Ikiharibika, kuna mtu anayelipa, na mara nyingi hulipa mara mbili.

Hasara ya kawaida huja namna hii. Chukueni mfano wa mwenye matatu ya viti 14 inayofanya kazi kati ya Kangundo na Nairobi. Lori limemkwaruza ubavuni. Anaipeleka kwa fundi, wanapatana bei, fundi anapiga msasa, anapaka praima, kisha anapuliza rangi. Dakika chache baadaye vishimo vidogo vya mviringo vinajitokeza kote ubavuni, kila kimoja kina doa katikati. Mafundi huviita macho ya samaki. Fundi anaongeza rangi juu yake akitumaini vitafunikwa, navyo vinarudi vile vile. Sasa hakuna njia ila kungoja ikauke, kukwangua yote na kuanza upya.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mwenye gari anasema fundi hajui kazi. Fundi anasema rangi iliyonunuliwa ni mbovu. Wakati wanabishana, matatu iko chini ya mti, dereva na kondakta hawana kazi, na siku ya kulipa mkopo haisogei. Kumbe fundi si mlevi na rangi si mbovu. Kila Jumamosi kwa muda wa mwaka mzima gari hilo lilikuwa likipakwa nta na vimiminika vya kung'arisha, na siku ya kupigwa rangi hakuna aliyeviondoa.

Nta inafanya nini juu ya gari

Rangi ya gari la kisasa ina matabaka. Chini kabisa ni bati, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Yote kwa pamoja, yakitoka kiwandani, kwa kawaida unene wake ni sehemu 100 hadi 150 tu za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Gari zima, kuanzia boneti hadi buti, limekingwa na kitu chembamba kuliko kadi ya mwaliko wa harusi.

Kazi ya nta ni kulinda tabaka hilo la juu. Hukaa juu ya klia kama vile mafuta yanavyokaa juu ya ngozi. Maji hayashiki, vumbi hutoka kwa urahisi, na kinyesi cha ndege au utomvu wa mwembe hukutana na nta kabla ya kukutana na rangi. Anayeegesha gari chini ya mwembe anajua maana ya jambo hili.

Watu wa Ukambani hawahitaji kufundishwa nta ni nini. Ufugaji wa nyuki ni kazi ya kale hapa, na mizinga ya magogo bado inaning'inia mitini. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Nta ya gari kwa kawaida huchanganywa na nta ya kanauba, itokayo kwenye majani ya aina ya mnazi unaomea Brazili, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 80 na zaidi. Hiyo ndiyo sababu kanauba hupendwa: hustahimili boneti iliyoanikwa juani mchana kutwa. Nyingine ni nta za viwandani, na nyingi huongezewa silikoni ili zing'ae na kuteleza.

Nta haikai milele. Jua letu ni kali, kaunti iko karibu na ikweta na sehemu yake kubwa iko juu ya nyanda. Jua, sabuni, vumbi na mvua huila kidogo kidogo. Nta ya kanauba huweza kudumu wiki kadhaa au miezi michache. Zile za viwandani hudumu zaidi. Lakini haiishi sawasawa. Kwenye boneti na paa hutoka mapema, mlangoni hubaki, na kwenye mikunjo ya bampa hujikusanya na kugeuka rangi ya manjano au nyeupe. Kinachobaki ni viraka vya nta vilivyonasa uchafu.

Je, ni lazima iondolewe kila mara?

Hapa ukweli usemwe, kwa sababu wako wanaouza huduma isiyohitajika. Mtu anayepaka nta ya kawaida ya kopo juu ya nta ya aina ile ile iliyopakwa mwezi uliopita, gari likiwa safi, hana haja ya kuondoa kila kitu. Viyeyusho vilivyo ndani ya nta mpya hulainisha ile ya zamani na mbili zikachanganyika. Kuosha vizuri kwatosha.

Mambo hubadilika katika hali tatu. Ya kwanza ni pale nta ya zamani imechakaa na kushika vumbi. Kupaka mpya juu yake ni kufungia uchafu ndani, sawa na kupaka mafuta mguu uliojaa matope. Rangi huonekana imefifia, na vumbi lile likisuguliwa hukwaruza klia.

Ya pili ni pale mwenye gari anahamia kinga za kisasa za viwandani, hasa zile za seramiki. Hizo hushikamana na rangi yenyewe. Zikikuta nta, hushika nta, na nta ikitoka nazo hutoka. Pesa nyingi hupotea kwa njia hii.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi: pale gari linapigwa rangi mpya, iwe ni paneli moja au gari zima. Hapo hakuna mjadala. Nta na silikoni lazima zitoke zote. Sababu ni rahisi. Rangi ikiwa bado maji inatakiwa itandae na kushika. Ikifika mahali penye nta au silikoni haiwezi kutandaa. Inajivuta na kukimbia pembeni, kama maji yanavyokimbia kwenye sufuria yenye mafuta. Mahali palipokimbiwa ndipo pale penye jicho la samaki. Na hata kama rangi itafunika, haijashika. Baada ya miezi itaanza kuchubuka kwa magamba.

Kujua kama nta bado ipo

Kipimo cha kwanza ni maji. Gari likishaoshwa na kusuuzwa sawasawa, lirushiwe maji safi. Maji yakijikunja kuwa matone ya mviringo yanayoteleza, nta ingalipo. Yakitandaa kama shuka, kwa kawaida nta imekwisha. Kipimo hiki kina udhaifu wake: sabuni isiyosuuzwa vizuri huyafanya maji yatandae hata kama nta ipo, na vumbi lililoganda hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kipimo kifanywe baada ya kuosha, wala si kabla.

Kipimo cha pili ni kidole. Gari likiwa safi na kavu, mtu apitishe kidole polepole juu ya rangi. Penye nta huteleza, pasipo nta hukwama kidogo. Akisikia mchanga mchanga, basi kuna uchafu ulioganda ambao maji na sabuni hayajautoa.

Kuondoa nta hatua kwa hatua

Kazi ifanyike kivulini, na bati liwe limepoa. Boneti nyeusi iliyokaa juani yaweza kuchoma mkono. Ukiweka kiyeyusho juu yake, hukauka kabla ya kufanya kazi na kuiacha nta pale pale. Asubuhi na mapema au jioni ndiyo saa nzuri.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Vumbi liondolewe kwa maji mengi kabla sponji haijagusa gari. Atumie ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya gari ni laini na nyingi zimetengenezwa makusudi zisitoe nta. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ina nguvu zaidi na huidhoofisha nta, kwa hiyo inafaa kwa siku hii moja ya kuondoa. Isifanywe sabuni ya kila wiki, kwa kuwa humaliza kinga ambayo mwenye gari ameilipia. Na hata kwa siku hii haitoshi peke yake. Nta haiyeyuki kwa maji.

Hatua ya pili ni uchafu ulioganda. Kuna udongo laini maalumu unaouzwa kwa kazi hii, unaofanana na ule wa watoto kuchezea. Hupitishwa juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni, bila kukandamiza, nao hunasa chembe za lami, chuma na vumbi. Ukianguka chini kwenye mchanga utupwe, kwa sababu sasa ni msasa.

Hatua ya tatu ndiyo ya kuondoa nta yenyewe. Madukani pa rangi za magari huuzwa dawa ya kuondoa nta na mafuta. Hiyo ndiyo bora kwa gari linalopigwa rangi. Kwa gari linalopakwa nta tu, alkoholi ya aisopropili iliyochanganywa na maji yatosha: sehemu moja ya alkoholi kwa sehemu tatu za maji, au nyepesi zaidi. Isitumike kwenye rangi iliyopulizwa majuzi, kwa kuwa yaweza kuilainisha. Lolote litakalotumika lijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya mlango.

Siri ya hatua hii iko kwenye vitambaa. Viwe viwili. Cha kwanza kimeloweshwa dawa, nacho hulainisha na kuinua nta. Cha pili ni kikavu, nacho hufuata mara moja na kuichukua nta kabla dawa haijakauka. Mtu akitumia kitambaa kimoja na kuacha gari likauke lenyewe, nta huyeyuka, hutembea, kisha hurudi na kutulia tena juu ya rangi, safari hii ikiwa imesambaa vizuri zaidi. Kazi iendelee kwa kipande kidogo kidogo, kama nusu ya mlango, na vitambaa vigeuzwe na kubadilishwa mara kwa mara. Kitambaa cha pamba safi au cha maikrofaiba kinafaa. Kile cha zamani kilichofuta dashibodi na magurudumu kisikaribie, maana kimejaa silikoni.

Hatua ya nne ni kurudia kile kipimo cha maji. Kikionyesha bado kuna matone, hatua ya tatu irudiwe.

Kwa fundi wa rangi: safisha kabla ya msasa

Kosa moja hurudiwa sana, nalo ni kupiga msasa kwanza. Fundi hufikiri msasa utakwangua nta pamoja na rangi. Sivyo. Msasa huchimba mifereji midogo kwenye rangi, na nta husukumwa ndani ya mifereji hiyo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mpangilio sahihi ni huu: kuosha kwa sabuni, kukausha, kuondoa nta kwa vitambaa viwili, ndipo msasa. Baada ya msasa vumbi lipulizwe, na paneli ipanguswe tena kwa dawa ile ile kabla ya praima, na mara nyingine kabla ya rangi. Baada ya hapo hakuna kugusa kwa mkono mtupu. Mafuta ya kiganja yanatosha kuleta jicho la samaki lenye umbo la vidole.

Silikoni pia husafiri hewani. Mtu akipuliza king'arisha cha magurudumu au dashibodi hatua chache kutoka mahali gari linapopigwa rangi, chembe zake hutua juu ya paneli. Palipo na kuosha na kupaka rangi katika uwanja mmoja, kazi hizo mbili zitenganishwe kwa ukuta au kwa saa. Kompresa nayo itazamwe, kwa kuwa ikiwa chujio lake limejaa, hutema maji na mafuta ndani ya rangi.

Na mwenye gari ana wajibu wake. Siku ya kupatana bei amweleze fundi gari limekuwa likipakwa nini. Wapatane mapema, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba kusafisha nta ni sehemu ya kazi na kumehesabiwa katika bei. Fundi aliyepunjwa bei ataruka hatua isiyoonekana, na hatua isiyoonekana ni hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gari likitoka kwa fundi, lisikimbizwe kupakwa nta siku ya pili. Rangi mpya bado inatoa viyeyusho vyake. Watengenezaji wengi wa rangi hutaka muda wa siku 30 hadi 90 upite kwanza. Maelekezo ya rangi iliyotumika ndiyo ya kufuatwa. Katika muda huo maji safi na sabuni laini vyatosha.

Matatu yana jambo la ziada. Kanuni za mwaka 2003, ambazo wengi bado huziita sheria za Michuki, zililazimu magari ya abiria kuwa na mstari wa manjano unaozunguka gari. Mstari huo usipotee chini ya rangi mpya wala kufifia kwa kusuguliwa kwa thina. Na anayebadilisha rangi ya gari lolote akumbuke kwamba rangi hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha usajili. Mabadiliko hayo yapelekwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA.

Saruji ya Athi River na vumbi la murram

Wakazi wa Mavoko wana tatizo lao. Wanaoegesha magari karibu na viwanda vya saruji vya Athi River, au wanaofuata malori ya saruji kwenye Barabara ya Mombasa, hukuta unga wa kijivu juu ya gari. Unga huo ni saruji ile ile inayojengea nyumba. Ukikutana na umande au manyunyu huanza kushika, na nta iliyochakaa, yenye kunata, huushikilia zaidi.

Kosa kubwa ni kuupangusa ukiwa mkavu, maana hukwangua rangi kama msasa. Upulizwe kwanza au umwagiwe maji mengi kwa mkupuo, kisha ndipo sabuni. Kama umeshaganda, siki iliyochanganywa na maji husaidia kuulainisha. Ijaribiwe mahali padogo, iachwe dakika chache tu, kisha isuuzwe vizuri. Kisicholainika kisichokolewe kwa kisu wala ukucha, apelekewe fundi. Gari ambalo nta yake ni mpya na safi husumbuka kidogo sana na saruji.

Kwa wale wa Yatta, Masinga na Mwala, adui ni vumbi jekundu la barabara za murram. Hilo nalo lisipanguswe kavu. Wakati mzuri wa kuondoa nta ya zamani na kupaka mpya ni mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za Machi na kabla ya mvua za Oktoba, ili tope likija likute gari limekingwa.

Mafuta yanayotumika vibaya

Petroli isitumike. Hutoa mvuke hata penye baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kwenda kukutana na jiko la mama wa chai au sigara ya mpita njia. Mtu anayefuta gari kwa petroli karibu na kibanda cha chakula anacheza na maisha ya watu. Mafuta ya taa hayawaki upesi kama petroli, lakini huacha utando wa mafuta, kwa hiyo mtu huondoa nta na kuacha uchafu mwingine mahali pake. Thina kali ya kuchanganyia rangi huweza kuyeyusha klia, hasa kwenye gari lililowahi kupigwa rangi nje ya kiwanda, na huharibu plastiki za taa na bampa.

Tena kuna afya. Viyeyusho hupita kwenye ngozi na mapafu. Glavu zivaliwe na kazi ifanyike penye hewa. Wapuliza rangi wako katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa rangi za kuchanganya na kigumishi zina kemikali za isosayaneti ambazo huweza kuleta pumu isiyopona. Kitambaa kilichofungwa puani au barakoa ya vumbi havizuii mvuke huo. Inahitajika barakoa yenye vichujio maalumu vya kemikali, au ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwekea mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kijana anayeanza kazi ana haki ya kuviuliza. Vitambaa vilivyolowa dawa viwekwe kwenye kopo la bati lenye kifuniko, mbali na moto.

Maji yanakwenda wapi

Machakos ni kaunti kame. Mji wenyewe hutegemea Bwawa la Maruba, na kuna nyumba nyingi ambazo mtungi wa lita 20 huhesabiwa kabla ya kuchotwa. Kwa hiyo mpira usiachwe ukimwaga wakati mtu anasugua. Kazi ya ndoo mbili, pamoja na maji kiasi ya kusuuza, huliacha gari safi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa yanafaa sana kwa kazi hii, na hayaachi madoa meupe ya chumvi kama maji mengi ya visima.

Maji machafu nayo yana safari yake. Gari likioshwa kando ya mto, nta, silikoni, mafuta na viyeyusho vyote huingia mtoni. Mto Athi hupita kwetu, hushuka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, huendelea hadi kuitwa Galana kisha Sabaki, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaomwagilia mboga, wanaonywesha ng'ombe na wanaochota ya kunywa. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji, nayo haibagui kiwanda na ndoo. Gari lioshwe mbali na mto, mahali penye shimo la kunasa mchanga na mafuta. Mabaki ya dawa yasimwagwe kwenye mtaro. Mtaro huo umejengwa kwa maji ya mvua na mwisho wake ni mtoni.

Kwa vijana wa kuosha magari

Neno la mwisho ni kwa vijana. Katika kuosha gari peke yake, anayeosha kwa bei ya chini zaidi ndiye hupata wateja mpaka mwingine ashushe tena. Kuondoa nta kuukuu na kupaka mpya ni ufundi. Hauhitaji mashine wala mtaji mkubwa: ndoo mbili, vitambaa safi, dawa halali, kivuli na uvumilivu. Mteja akionyeshwa tone la maji kabla na baada, ataona mwenyewe anacholipia. Kijana anayeweza kumwambia mteja, "Mzee, gari lako halihitaji kuondolewa nta mwezi huu," anapoteza malipo ya siku moja na kupata mteja wa miaka.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Anayetaka kupanda kutoka kuosha hadi kupiga rangi aulize katika chuo kilicho karibu naye kuhusu kozi za magari. Fundi anayejua kwa nini rangi hukimbia nta hataharibu ubavu wa matatu ya mtu, wala hatagombana na mwenyewe chini ya mti.

Kwa ufupi, wakazi wapendwa: osheni kwanza, pimeni kwa maji, ondoeni nta kwa vitambaa viwili kivulini, msiguse msasa kabla ya hapo, wekeni petroli mbali, na maji machafu yasifike mtoni. Mwenye gari amwambie fundi ukweli, na fundi asiruke hatua isiyoonekana.